Chenso ilianzia leba, ikaishia msituni

Mwembe uliangukia paa la jirani hapa Isevya, Tabora, usiku wa mvua ya upepo. Haukuanguka wote. Mizizi ya upande mmoja iling'oka, shina likaegemea bati, na kila upepo ulipopita bati lilikuwa linalia. Wenye nyumba walihamia kwa ndugu usiku uleule. Asubuhi akaja kijana kwa bodaboda, chenso, ule msumeno wa cheni wenye injini, kaifunga nyuma kwa mpira, kidumu cha mafuta kakining'iniza kwenye usukani.

Alivaa kandambili.

Alichanganya petroli na oili kwa kukisia, akamimina oili chafu ya gari kwenye tundu la kulainishia cheni, akaikanyaga mashine kwa mguu, akavuta kamba. Ikakataa. Akavuta tena na tena, ikanguruma, moshi wa buluu ukatanda uani. Alianza na matawi membamba, akaja kwenye manene, akamalizia shina kwa mapande. Mwembe huo mama mwenye nyumba aliukuta umeshazaa miaka mingi siku alipoletwa pale kama bibi harusi. Kufika saa nne ya chai ulikuwa rundo la kuni.

Shangazi yangu alikuwa amesimama pembeni yangu, kanga kaizungusha kichwani kuzuia unga wa mbao. Ni mkunga mstaafu. Aliitazama ile mashine muda mrefu, kisha akasema kama mtu anayetaja habari ya kawaida:

"Unajua hicho kitu kilianzia kwetu, leba?"

"Kwenu wapi, shangazi?"

"Kwa wakunga, mwanangu. Kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Tulisimuliwa chuoni."

Hakuongeza neno, akaenda kuwapa pole majirani. Mimi nikabaki na ile kauli, na imenikaa kichwani wiki hizi zote. Nimeisoma habari yake kila nilipopata nafasi. Nimemrudia shangazi. Nimekwenda hadi Sikonge kuongea na baba mdogo, aliyepasua mbao kwa mikono miaka mingi kabla chenso haijafika kwao.

Mnyororo wenye mpini kila upande

Kwanza niiondoe picha mbaya inayosambazwa mitandaoni. Hakuna daktari aliyewahi kumwendea mama mjamzito na mashine ya petroli.

Kilichokuwepo ni mnyororo mdogo, mwembamba kama mnyororo wa saa ya mfukoni, wenye meno upande mmoja na mpini kila ncha. Daktari aliupitisha nyuma ya mfupa kwa sindano kubwa iliyopinda, akafunga mipini, akavuta huku na huku hadi mfupa ukaachia. Wanaotajwa kuubuni ni Waskoti wawili, John Aitken wa Edinburgh na James Jeffray wa Glasgow, mwishoni mwa karne ya 18. Aitken aliuonyesha katika kitabu chake cha ukunga cha mwaka 1785. Jeffray naye alidai wazo lilimjia bila kuiga kwa mtu, na mwaka 1806 alichapisha maelezo yake pamoja na maandishi ya madaktari wengine kuhusu kuondoa viungo vilivyooza.

Kwa hiyo kusema tu "chenso ilibuniwa kwa ajili ya uzazi" ni kukata habari nusu. Aitken alikuwa na kinena cha mama akilini. Jeffray alikuwa na magoti na viwiko vilivyoliwa na ugonjwa. Lakini shangazi hakukosea.

Mifupa ya kinena hukutana mbele, na katikati yake pana gegedu. Mtoto akikwama, gegedu lile likikatwa, nyonga hufunguka kidogo na kichwa hupata njia. Mwaka 1777 huko Paris, Jean-René Sigault alimfanyia hivyo mwanamke ambaye watoto wake wa awali walikuwa wamefariki. Mama na mtoto wakapona, Paris nzima ikashangilia. Mama yule aliachwa akivuja mkojo na akitembea kwa shida. Sigault alitumia kisu. Penye gegedu lililogeuka mfupa, au palipohitajika kukata mfupa wenyewe, ndipo msumeno wa Aitken ulipokuwa na kazi.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi wa mikoa hii. Jeffray alikuwa profesa wa anatomia Chuo Kikuu cha Glasgow tangu 1790 hadi alipofariki mwaka 1848. Katikati ya miaka ya 1830 akaingia mji huohuo kijana mmoja kutoka kiwanda cha nguo kusomea udaktari, katika chuo kingine cha pale pale. Huyo ndiye David Livingstone, ambaye tembe lake tunalo Kwihara na mwembe wake wanauonyesha Ujiji. Sidai kwamba alibeba mnyororo ule kwenye mizigo yake. Ninachosema ni kwamba ulimwengu ule wa madaktari wa Glasgow uliomzaa Livingstone ndio uliomzaa babu wa chenso iliyokata mwembe wa jirani yangu.

Haraka iliyokuwa huruma

Nilipomuuliza shangazi kwa nini mnyororo na si msumeno wa kawaida, alinijibu kwa swali.

"Hakuna nusukaputi. Mama yuko macho, wanawake wanne wamemshika. Wewe ungetaka kifaa gani?"

Hapo nilinyamaza.

Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Klorofomu ilianza kutumika kwa wajawazito mwaka 1847, na aliyeianzisha, James Young Simpson, alikuwa Edinburgh, mji uleule wa Aitken. Kabla ya hapo kila dakika ya operesheni ilikuwa dakika ya mateso yenye macho wazi. Upasuaji wa kumtoa mtoto kwa tumbo ulimuua mama karibu kila mara. Msumeno ulionyooka ulihitaji nafasi ya kwenda na kurudi, na katika kwenda na kurudi huko ulichana nyama, mishipa na kibofu. Mnyororo uliukumbatia mfupa peke yake. Ulikata haraka, na uliacha vilivyo jirani salama zaidi.

Kwa macho hayo, kile kifaa kilikuwa huruma ya zama zake. Sioni namna nyingine ya kukisema.

Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine wa Würzburg alipiga hatua nyingine. Alichukua mnyororo wenye meno, akauunganisha ncha kwa ncha, akauzungusha kwenye bapa la chuma, akaweka mkono wa kuzungushia. Ukiiona picha yake utaitambua mara moja: bapa refu, cheni inazunguka ukingoni, mshiko nyuma. Inakosa injini tu. Ilikuwa ghali na ilihitaji mkono uliozoea, kwa hiyo haikuenea sana. Baadaye, mwaka 1894, mkunga-daktari wa Italia aitwaye Leonardo Gigli akaleta waya wenye makali badala ya mnyororo. Ilikuwa tena kwa kazi ileile ya kinena.

"Huo waya wa Gigli nimeushika kwa mikono hii," shangazi aliniambia. "Si kwa mama. Ni kwa kukata miguu ya watu wa ajali na ya sukari. Daktari anavuta, wewe unamwagia maji ya chumvi usipate moto."

Baada ya nusukaputi, usafi wa vyumba vya upasuaji na dawa za kuua vijidudu, operesheni ya tumbo ikawa salama, na kukata kinena kukabaki kwa dharura chache mno. Ila si kila mahali palipoacha. Ireland, kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980, wanawake wapatao 1,500 walifanyiwa hivyo, wengi bila kuulizwa, wakati upasuaji salama ulikuwepo. Wengine waliishi na maumivu ya mgongo na kushindwa kutembea vizuri maisha yao yote, na serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuwalipa fidia mwaka 2014.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu anayekufa sasa hivi kilibaki kutumika pale ambapo hakuna anayekufa.

Funza wa Oregon

Safari ya kuingia msituni ilikuwa ndefu. Mwaka 1905 Samuel Bens wa San Francisco alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya msumeno wa cheni isiyo na mwisho, kwa ajili ya ile miti mikubwa mno ya California. Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa ya umeme mwaka 1926. Ilikuwa na kilo 64. Yake ya petroli ya mwaka 1929 ilikuwa na kilo 46 na ilihitaji wanaume wawili. Mwaka 1950 akatoa ya mtu mmoja, kilo 16. Leo ya kawaida inayozunguka Tabora haizidi sana kilo sita au saba. Kabureta yake ina utando unaosukuma mafuta hata mashine ikilazwa ubavu, na klachi yake huiachia cheni isimame yenyewe ukitoa kidole.

Lakini injini haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa meno.

Cheni za mwanzo zilikuwa na meno yaliyoiga msumeno wa mkono, yakiukwaruza mti badala ya kuukata. Yaliisha makali upesi, na fundi alitumia muda mrefu ameshika tupa kuliko kukata. Mwaka 1946, mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox alikuwa anapasua kuni siku ya baridi, akaona funza wa mbawakawa amejichimbia ndani ya kisiki. Funza yule alikuwa anakula mbao kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikata, bila kujali. Cox akaitazama midomo yake kwa makini: taya mbili zilizopinda, moja kulia, moja kushoto, zikipishana.

Akatengeneza cheni ya namna hiyo. Jino moja linakata kulia, linalofuata linakata kushoto, na mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima litie kina gani. Mwaka 1947 alianza kuiuza, na cheni za leo ni wajukuu wa ile. Shika cheni ya chenso iliyozimwa uiangalie kwa karibu. Utaziona taya za yule funza.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa sababu inanipa heshima kwa kifaa chenyewe. Si ukatili uliopewa injini. Ni akili ya watu wengi waliotazama kwa makini: mfupa, mnyororo wa saa, mdudu.

"Wewe umeona mbao, hujaona shimo"

Nilikwenda Sikonge nikiwa na hoja yangu tayari. Nilitaka baba mdogo anithibitishie kwamba msumeno wa mikono ulikuwa bora kwa msitu. Nilimkuta chini ya mti wa mtundu, anasuka kamba za mizinga. Baada ya salamu na uji nikamweleza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua shati.

Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Alijaribu kuunyanyua mkono juu ya kichwa, ukaishia usawa wa sikio.

"Wewe umeona mbao, hujaona shimo," alisema. Gogo la mninga au mkurungu liliviringishwa juu ya shimo. Mmoja alisimama juu kuongoza msitari, mwingine aliingia chini kuvuta. Yeye, kwa kuwa mdogo, alikuwa wa chini. Unga wa mbao ulimwingia machoni, puani na kifuani. Unga wa mkurungu ni mwekundu, na jasho liliufanya utope. Usiku alikohoa rangi.

Kisha akaniambia lile ambalo liliivunja hoja yangu.

"Usidhani tuliupenda msitu kuliko vijana wa leo. Tungekuwa na chenso, tungekata vilevile. Msitu haukulindwa na sisi, mwanangu. Ulilindwa na uchovu wetu."

Nimejaribu kumpinga kichwani tangu siku hiyo, nimeshindwa. Siwezi kumwambia mtu arudi shimoni ili mimi nipate kivuli. Kama haraka ilikuwa huruma kwa yule mama aliyeshindwa kujifungua, ni huruma pia kwa bega la baba mdogo.

Hata hivyo kuna jambo lilibaki, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja wakati ananisindikiza. Zamani, alisema, mti mkubwa ulipoanza kukatwa watu waliusikia. Ilichukua shoka la siku nzima, halafu siku za kupasua. Mwenye mizinga alipata muda wa kuja kuuliza, mzee wa kitongoji akatuma mtu. Wakati mwingine waligombana, wakati mwingine walielewana, na mara mojamoja mti ulibaki.

Sasa ukisikia ule mlio, ukivaa viatu ukafika, unakuta kisiki.

Milimita nane

Upo upande mwingine ambao hauna falsafa yoyote. Ni hesabu, na ninaisisitiza kwa sababu sioni watu wakiizungumza.

Chenso imetengenezwa kukata mti kwa upana wake: kuangusha, kupunguza matawi, kukata mapande. Vijana wetu wanaitumia kupasulia mbao, yaani kwenda na urefu wa gogo, mkono mtupu, kwa kufuata msitari wa mkaa. Inawezekana, kwa sababu funza wa Cox hakuchagua upande. Ila cheni ya kawaida inakula karibu milimita nane kila inapopita. Mbao ya inchi moja ni milimita 25. Kila mipasuo mitatu imemeza mbao moja nzima na kuimwaga chini kama chenga. Bado hujahesabu kwamba mkono hutetemeka, mbao inatoka nene huku na nyembamba kule, na seremala analazimika kuipiga randa hadi inyooke. Msumeno wa shimo ulikula milimita chache tu. Msumeno wa mkanda wa kiwandani hula chache zaidi.

Mninga unaweza kuchukua karibu miaka mia kufikia unene wa kupasulia mbao. Tunaumwaga chini kwa kipimo hicho.

Na si mninga tu. Nyuki wa Tabora wanategemea mitundu na miyombo kwa maua, na mizinga ya magome inatoka kwenye miyombo hiyohiyo. Kijana anayefungua njia ya kutolea gogo moja huangusha miti kadhaa isiyo na bei, na hiyo ndiyo yenye asali.

Kuhusu mkataji mwenyewe, nitasema kwa ufupi kwa kuwa nimeshaona makovu. Cheni hukimbia mita 20 kwa sekunde au zaidi. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu, mashine hupiga teke kurudi usoni kabla ubongo haujajua. Breki ya cheni iliingia miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Nyingi nilizoziona mitaani breki yake imevunjika au imefungwa kwa waya. Mtetemo nao huua mishipa ya vidole polepole hadi vinapauka na kufa ganzi, ndiyo maana mashine nzima huwa na mipira kati ya mshiko na injini. Mipira ikiisha, watu hufunga kwa bati.

Mdogo wangu anataka kununua

Mtoto wa mwisho wa baba mdogo amekusanya pesa na anataka chenso. Alinipigia simu kuomba nimjazie. Tuliongea kwa muda mrefu, na tulipandishiana sauti.

Nilimwambia nipo tayari kuchangia. Nitanunua helmeti yenye wavu, viziba masikio, buti na tupa ya mviringo inayolingana na jino la cheni yake. Akitaka kuangusha miti iliyolala kwenye mapaa, kufungua barabara baada ya mvua, kukata mapande ya miti yenye kibali na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, mimi ni mwenzake. Kupasua mbao, hapana. Gogo liende kwenye mashine ya kupasulia hata kama ni nauli ya tela.

Pia nilimwomba aandikishe namba ya mashine kwa mtendaji wa kijiji, ili kila ikinguruma ijulikane ni ya nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviwezesha vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi. Kijiji kinachoweza kumiliki msitu kinaweza pia kujua chenso ngapi zimo ndani ya mipaka yake. Mikutano yetu ni ya polepole na itabaki hivyo. Kwa hiyo ikubaliwe kabla mashine haijawashwa kwamba mti wa mizinga haugusiki, maana ikishawashwa hakuna mkutano utakaoiwahi.

Alisema hiyo ya kupasua ndiyo yenye pesa. Kuangusha peke yake hakulipi.

Ni kweli, na sina jibu la kumshibisha. Nimemwambia tukae na baba yake, tupige hesabu ya milimita nane kwa gogo moja halisi la mninga, tujue ni mbao ngapi zinabaki chini na bei yake mjini. Tumepanga Jumapili baada ya ibada. Shangazi amesema naye anakuja, na atamletea kabisa picha ya ule mnyororo wa Aitken.